Mtungi Ulionyamaza Adhuhuri, na Unga wa Dawa

Wiki iliyopita niliupeleka mtungi wa kuzimia moto wa ghala letu la dawa kwa fundi mmoja wa Majengo, mzee ambaye kwa miaka mingi amekuwa akijaza mitungi ya meli na ile ya wauza soda za mashine. Ilikuwa adhuhuri ya Machi, joto lile la Mombasa linalofanya hata paka watafute kivuli cha gari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Huu mliutumia?"

Nilimweleza kwamba mtungi ulifunguliwa katika mazoezi ya kuzima moto na kwamba huenda umebaki nusu. Aliuinua, akautikisa karibu na sikio, akasema hausikiki kitu. Kisha akauweka juu ya mizani, akatoa uzito wa chuma, na hesabu ikaonyesha kwamba zaidi ya kilo mbili za gesi bado zimo ndani. Hakushangaa hata kidogo. "Haya ndiyo mambo ya Machi," aliniambia. "Asubuhi hulia, adhuhuri hunyamaza. Mie sikio nimeliacha zamani, naamini mizani."

Nilicheka peke yangu, kwa sababu mzee yule alikuwa amerudia, bila kujua, jaribio la mwaka 1822. Mwaka huo Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alitia kiowevu pamoja na kigololi cha jiwe la gumegume ndani ya mtutu wa bunduki, akauziba, akaupasha moto, kisha akawa anauviringisha na kusikiliza. Joto lilipovuka kiwango fulani, ule mlio wa kigololi kikipasua uso wa kiowevu ulikoma, kwa kuwa uso wenyewe ulikuwa umetoweka. Thomas Andrews wa Belfast ndiye aliyekipa kiwango hicho jina la nukta kritiki, mwaka 1869, na gesi aliyoichunguza kwa makini kuliko zote ilikuwa hiyo hiyo iliyo ndani ya mtungi wetu, yaani kaboni dioksidi. Nukta kritiki yake ni nyuzi 31.1 za Selisiasi na shinikizo la baa 73.8, takriban mara 73 ya shinikizo la hewa inayotukandamiza hapa ufukoni. Kwa hiyo mji wetu ni mmoja kati ya miji ambamo mtungi wa kawaida, ukiachwa uani mchana wa Machi, huingia wenyewe katika hali ambayo maabara za nchi za baridi hulazimika kuitafuta kwa hita.

Katika hali hiyo, inayoitwa superkritiki, kaboni dioksidi haiwezi tena kuitwa gesi wala kiowevu. Ina uzito unaokaribia ule wa kiowevu, lakini huteleza na kupenya kama gesi, na haina uso wa kutikisika. Ndiyo maana sikio la fundi halikupata kitu. Kilichonirudia akilini pale karakana, hata hivyo, kilikuwa miaka miwili niliyoitumia nikisomea shahada ya pili Ulaya, katika chumba kidogo chenye chombo kimoja cha chuma cha pua na dirisha la yakuti. Kazi yangu yote ilikuwa kuitumia gesi hii katika hali hiyo ili kuifanya dawa iliyoyeyuka iache kuyeyuka.

Naanza na sababu ya kufanya kazi kama hiyo, kwa kuwa wateja wangu wengi, na nakiri hata baadhi ya wenzangu kazini, wanaamini kwamba dawa ni kemikali tu, na kwamba kemikali ikishakuwa sahihi basi shughuli imekwisha. Mgonjwa anapokuja kuchukua dawa mseto ya malaria yenye artemetha na lumefantrini, tunamsisitizia anywe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Hatufanyi hivyo kwa adabu ya mezani. Lumefantrini huyeyuka vibaya mno katika maji, na bila mafuta sehemu kubwa yake hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Dawa nyingi mpya zina tabia hiyo hiyo. Molekuli ni nzuri, vidudu vinaiogopa ndani ya mrija wa maabara, lakini ndani ya utumbo hubaki kuwa punje za jiwe.

Arthur Noyes na Willis Whitney walionyesha mwaka 1897 kwamba kasi ya kuyeyuka hutegemea pengo lililopo kati ya kiasi ambacho maji yanaweza kubeba na kiasi ambacho tayari yamebeba. Waliowafuata wakaongeza jambo ambalo kila mpishi analijua, kwamba kasi hiyo hukua pamoja na eneo la uso wa kitu kinachoyeyuka. Chukua punje ya mchemraba yenye ubavu wa mikromita 100, uikate iwe vipunje vyenye ubavu wa mikromita 5. Utapata vipunje 8000, na jumla ya eneo la nyuso zake itakuwa mara 20 ya ile ya mwanzo, ilhali dawa haikuongezeka hata chembe. Kwa dawa za kuvutwa kwa pumzi, kama zile za pumu, ukubwa wenyewe ndio kibali cha kuingia, kwani punje inayofaa ni ya kati ya mikromita 1 na 5. Iliyo kubwa zaidi hukwama kooni.

Halafu kuna suala la umbo la ndani. Molekuli zile zile zinaweza kupangwa katika fuwele kwa namna zaidi ya moja, na kila mpangilio una ugumu wake na kasi yake ya kuyeyuka. Mwaka 1998 ulimwengu wa dawa ulipata somo gumu kuhusu jambo hilo. Ritonaviri, dawa ya virusi vya UKIMWI iliyokuwa sokoni tangu 1996, ilianza ghafla kutoa fuwele za umbo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona, umbo lisiloyeyuka vizuri kama lile la kwanza, na kapsuli zake zikalazimika kuondolewa sokoni hadi ilipoundwa upya. Kemikali haikubadilika. Mpangilio tu ndio uliobadilika, na wagonjwa wakakosa kapsuli walizozizoea.

Basi fuwele hutengenezwaje? Njia ya kale kuliko zote tunayo hapa pwani. Ukienda Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, utaona mabwawa mapana ambamo maji ya bahari huachiwa jua na upepo hadi chumvi inaposalia. Huko kiyeyushi, yaani maji, huondolewa polepole, na chumvi hupata muda wa kujipanga. Njia ya pili ni ya jikoni. Shira nzito ya sukari ikiachwa ipoe taratibu bila kuguswa hutoa sukari ya nabati, mawe makubwa yanayong'aa, lakini ikikorogwa kwa nguvu huwa chembechembe ndogo. Njia ya tatu, ambayo haizungumzwi sana nje ya maabara ingawa kila nyumba imeiona, ni kuongeza kiowevu kingine kinachomharibia kiyeyushi kazi yake. Dawa ile ya kahawia ya kuua viini, tunayoitia ndani ya ndoo tunapoosha sakafu, ni angavu kabisa ikiwa chupani, lakini mara inapokutana na maji hugeuka nyeupe kama tui. Vitu vilivyokuwa vimetulia ndani ya spiriti vimejikuta ndani ya maji, navyo na maji havipatani, hivyo vinajitenga kuwa vitone vidogo mno. Ukitaka kuona jambo hilo likitoa fuwele halisi, mimina ethanoli ndani ya maji yaliyoshiba chumvi, nayo chumvi itaanguka mbele ya macho yako. Ethanoli hapo ni kiyeyushi kinzani. Haikuivuta chumvi ije kwake. Imewapokonya maji nafasi ya kuishika.

Viwanda vya dawa hutumia viyeyushi kinzani vya kiowevu kila siku, na pia hutumia vinu vya kusagia kwa hewa ya kasi pale fuwele zinapotoka kubwa kupita kiasi. Njia zote mbili zina kero. Kinu huvunja fuwele kwa kuzigonganisha, na mgongano huo huleta joto, umeme tuli unaoufanya unga ung'ang'anie kuta, na nyuso zilizovurugika ambazo baada ya wiki kadhaa hujipanga upya zenyewe na kubadilisha tabia ya dawa. Kiyeyushi kinzani cha kiowevu nacho hakiondoki chenyewe. Ukishamaliza, una unga uliolowa mchanganyiko wa viowevu viwili, na lazima ukaushe kwa joto au ombwe, saa baada ya saa, huku fuwele zikiendelea kukua na kushikana.

Hapo ndipo kaboni dioksidi inapoingia, na inaingia kwa kasoro yake. Katika karne iliyopita watu waliipenda gesi hii kama kiyeyushi. Kurt Zosel wa Mülheim, Ujerumani, alionyesha kwamba inaweza kutoa kafeini ndani ya kahawa na kuiacha ladha. Hata kabla yake, mwaka 1879, watafiti Hannay na Hogarth walikuwa wameona kwamba vitu vigumu vilivyoyeyushwa ndani ya kiowevu kilichovuka nukta kritiki hudondoka kama theluji mara shinikizo linaposhushwa. Kutokana na wazo hilo ilizuka njia ya kuiyeyusha dawa ndani ya kaboni dioksidi na kuifyatua kwa ghafla kupitia tundu jembamba, na katika miaka ya 1980 ilitarajiwa mno. Tatizo ni kwamba molekuli nyingi za dawa, zenye uzito na ncha za umeme, hazitaki kuyeyuka ndani ya gesi hii. Ungehitaji gesi kwa makumi ya kilo ili upate gramu chache za unga.

Mtu mwingine angeiacha hapo. Val Krukonis na wenzake huko Marekani waligeuza sentensi. Kama gesi haiyeyushi dawa, lakini inachanganyika vizuri sana na asetoni, ethanoli na viyeyushi vingine vya kikaboni, basi tayari ina sifa zote za kiyeyushi kinzani. Mwaka 1989 walitoa maelezo ya njia hiyo kwa kutumia nitroguanidini, ambayo si dawa bali ni kilipuzi. Sijawahi kuizoea nasaba hiyo. Mbinu ninayoipenda kuliko zote katika famasia ilijaribiwa kwanza ili mtu apate punje safi za kulipulia.

Namna ya kwanza ya kuifanya kazi ni rahisi kueleza. Unaweka mmumunyo wa dawa, yaani dawa iliyokwisha kuyeyushwa ndani ya kiyeyushi, ndani ya chombo kilichofungwa, kisha unaingiza gesi kutoka chini, polepole, shinikizo likipanda. Gesi huingia ndani ya kiowevu, nacho huumuka kama unga wa mahamri ulioachwa na hamira, kikaongezeka ujazo mara kadhaa. Kadiri kinavyoumuka ndivyo molekuli za kiyeyushi zinavyotengana na kuzidi kuzungukwa na gesi, na uwezo wao wa kuishika dawa hudhoofika. Kwa muda mmumunyo hubaki angavu, kana kwamba hakuna linalotokea. Halafu, ndani ya kipindi kifupi cha baa chache tu, chombo kizima huwa ukungu mweupe. Mara ya kwanza nilipouona ukungu huo dirishani nilidhani nimeharibu kitu.

Namna ya pili, ambayo ndiyo niliyoifanyia kazi, ni kinyume chake. Chombo kinajazwa kwanza kaboni dioksidi ya superkritiki, kisha mmumunyo unapulizwa ndani kupitia nozeli nyembamba, huku gesi mpya ikiingia bila kukoma na mchanganyiko uliotumika ukitokea chini kupitia kichujio cha chuma kinachoubakiza unga. Nilikuwa nikitumia nyuzi 40, na baa 100 au 120. Ukichora grafu ya uzito wa gesi hii katika nyuzi 40 utaelewa kwa nini namba hizo si za kubahatisha, kwani katika baa 80 lita moja ina takriban gramu 278, katika baa 100 ina gramu 628, na katika baa 120 ina kama 717. Kati ya 80 na 100 kuna mlima, kisha uwanda. Fundi mwenye busara hafanyi kazi mlimani, kwa sababu mtetemo mdogo wa pampu humtoa kwenye gesi nyepesi na kumtupa kwenye gesi nzito, na unga wa leo haufanani na wa jana.

Kinachotokea kwenye mdomo wa nozeli hukamilika kabla jicho halijakiona. Kiyeyushi kinakimbilia ndani ya gesi, gesi inakimbilia ndani ya kiyeyushi, na kwa kuwa katika hali ya superkritiki molekuli hupenya na kusambaa kwa kasi ya mara kumi hadi mia kuliko ndani ya kiowevu cha kawaida, dawa hujikuta imezidi mno kiwango cha kushiba kabla haijapata nafasi ya kutafuta fuwele iliyokwisha kuanza ili ijiunge nayo. Nilikuwa nikimweleza mwenzangu mmoja kwa mfano wa feri ya Likoni. Mlango ukifunguliwa kidogo kidogo, abiria hutoka, husubiriana na kuondoka kwa makundi makubwa ya watu wanaojuana. Mlango ukianguka kwa ghafla, kila mtu hushikana na aliye karibu naye, na unapata makundi elfu ya watu watatu watatu. Ndivyo punje zinavyokuwa ndogo, na ndivyo zinavyokaribiana kwa ukubwa. Mfano una kasoro zake, lakini mwenzangu aliuelewa, ingawa hakuwahi kuiona feri.

Lakini kasi peke yake haitoshi, na hapa ndipo vitabu vya utangulizi hupita haraka mno. Nyuzi 31.1 na baa 73.8 ni za kaboni dioksidi ikiwa peke yake. Mara unapoichanganya na ethanoli, mchanganyiko una mpaka wake mwingine, ambao kwa nyuzi 40 uko karibu na baa 80, na kwa viyeyushi vingine uko juu zaidi. Chini ya mpaka huo nozeli hutoa matone halisi yenye uso na mvutano, kila tone likawa chungu kidogo ambacho dawa inagandia humo, na mara nyingi unapata mipira yenye uwazi ndani au punje zilizoshikana. Juu ya mpaka huo uso hautokei kabisa. Mmumunyo huyeyukia ndani ya gesi kama moshi wa udi unavyopotea chumbani, na fuwele huzaliwa katikati ya mvurugo huo bila kuta zozote. Dawa yenyewe, ikiwa nyingi, inaweza kuusogeza mpaka huo. Nilipoteza miezi mitatu kwa kutojua jambo hilo la mwisho, nikilaumu nozeli.

Kosa langu kubwa zaidi, hata hivyo, halikuwa la nadharia. Ilikuwa Ijumaa jioni. Upulizaji ulikuwa umekwenda vizuri na dirishani niliona unga mweupe umetulia juu ya kichujio kama pamba. Utaratibu ulinitaka niendelee kupitisha gesi safi kwa muda wa saa nzima ili kiyeyushi chote kilichobaki ndani ya chombo kibebwe nje kabla ya kushusha shinikizo. Nilipitisha dakika kumi, nikatosheka na uzuri niliouona, nikafungua valvu. Shinikizo lilipoporomoka chini ya ule mpaka, gesi ilipoteza uwezo wa kuibeba ethanoli, na ethanoli yote iliyokuwa imejificha ndani yake ikarudi kuwa kiowevu, ikanyesha juu ya unga, ikauyeyusha tena. Nilipofungua kifuniko nilikuta uji. Msimamizi wangu, mtu wa maneno machache, aliutazama, akauliza dakika ngapi, nikamjibu, akaondoka bila kuongeza neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa na maoni ambayo wengine huyaona ya ajabu: katika njia hii, upulizaji unaopigwa picha na kusifiwa ni sehemu ndogo ya kazi, na sehemu yenye thamani ni ile saa ya kuosha isiyo na cha kutazama. Ndani ya saa hiyo gesi inafanya jambo ambalo hakuna kiyeyushi kinzani cha kiowevu kinachoweza kulifanya, nalo ni kusafisha na kuondoka pasipo kuacha unyevu. Miongozo ya ICH, baraza la kimataifa linalooanisha kanuni za dawa, huweka mipaka ya mabaki ya viyeyushi ndani ya dawa. Kwa dikloromethani ni sehemu 600 kwa milioni, kwa methanoli 3000, kwa asetoni 5000. Unga uliooshwa sawasawa unaweza kushuka chini ya mipaka hiyo bila kuguswa na tanuri, na dawa isiyovumilia joto hushukuru. Kushusha shinikizo nako kuna adabu yake. Gesi inayopanuka hupoa vikali, valvu hushika barafu kavu na kuziba, na usipoipasha moto utasimama na spana mkononi ukisikiliza mluzi ambao hutaki kuusikia.

Kuhusu faida kwa dawa zenyewe, nitataja mifano miwili ninayoiamini. Katika miaka ya 1990 Mary Hanna na Peter York wa Chuo Kikuu cha Bradford walibuni nozeli inayokutanisha mmumunyo na kaboni dioksidi papo hapo kwenye mdomo mmoja, na kwa salmeteroli, dawa ya pumu, njia yao ilitoa kila moja ya maumbo mawili ya fuwele likiwa peke yake, kwa kubadilisha tu hali za ndani ya chombo. Anayekumbuka mkasa wa ritonaviri ataelewa uzito wa jambo hilo, maana kuchagua umbo kwa kuzungusha kitasa cha shinikizo ni ndoto ya kila mtengeneza dawa. Mfano wa pili ni wa Ernesto Reverchon na wenzake wa Salerno, Italia, walioifanyia kazi rifampisini, ambayo kila mfamasia wa Kenya anaijua kwa rangi yake na kwa mapambano ya kifua kikuu. Walipata punje za kuanzia chini ya mikromita moja hadi mikromita chache, lakini zilitoka bila mpangilio wa fuwele.

Hilo la mwisho linanifanya nisiishangilie njia hii kwa upofu. Molekuli zikigandishwa kwa haraka kupita kiasi huwahi kuganda kabla hazijajipanga, na unapata unga wa vurugu, kama kioo. Unga huo huyeyuka haraka sana, jambo linalopendeza siku ya kwanza. Lakini huvuta unyevu, na unyevu huzipa molekuli nafasi ya kusogea, na zikisogea hujipanga. Mtu anayeishi Ulaya anaweza kulisoma hilo kama onyo la pembeni. Sisi tunaoishi katika mji ambao chumvi hulia maji ndani ya kikombe chake na biskuti hulegea kabla ya magharibi tunapaswa kulisoma kwanza. Unga kama huo, ukipelekwa hadi kwenye rafu ya duka langu bila kifungashio madhubuti, hautabaki kuwa unga ule uliopimwa maabara. Kama ningerudi kwenye utafiti ningefanya kazi hiyo hapa hapa pwani, kwa kuweka sampuli ndani ya chumba kisicho na kiyoyozi na kuzipiga miale ya eksirei kila mwezi ili nione ni lini mpangilio unaanza kurudi.

Watu huniuliza pia kama njia hii ni rafiki wa mazingira, kwa kuwa wanasikia kaboni dioksidi na kufikiri juu ya hali ya hewa. Gesi haitengenezwi kwa ajili ya kazi hiyo. Hukusanywa kutoka kwingine na huweza kuzungushwa na kutumika tena ndani ya mtambo. Hapa Kenya sehemu ya gesi ya viwandani hutolewa ardhini, katika visima vya Kereita huko Lari, Kaunti ya Kiambu, na husafirishwa ikiwa kiowevu. Gharama iko kwenye shinikizo. Kila kilo ya gesi lazima isukumwe hadi baa 100 na zaidi, chombo kinachohimili hilo ni kizito na ghali, na chombo chenye ujazo mara mia hakifanyi kazi kama kile cha maabara, kwa sababu mvurugo kwenye mdomo wa nozeli haukuzwi kwa kuzidisha tu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu unaona makala nyingi na vidonge vichache.

Na ile zawadi ya joto letu niliyoisifu mwanzoni ina upande wa pili. Chombo cha fuwele kingehitaji hita ndogo sana hapa Mombasa, hilo ni kweli. Lakini pampu inayosukuma kaboni dioksidi hutaka gesi ifike ikiwa kiowevu kizito, na kichwa chake hupoozwa hadi karibu na nyuzi sifuri, la sivyo husukuma mapovu na kupiga kelele bila kazi. Akiba ninayoipata kwenye hita ingekwisha yote kwenye mashine ya baridi, na bili ya umeme ingeniumbua.

Sikumweleza fundi hayo yote. Nilimwambia kwa ufupi kwamba adhuhuri hakuna maji ndani ya mtungi wa kusikika, wala si mvuke mtupu, bali kitu cha tatu, na kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 31 uso wa kiowevu utarudi. Alinitazama kwa muda, akauhamishia mtungi kivulini, akaandika uzito wake kwa chaki ubavuni, akaniambia niuache hadi kesho ili aujaze. Saa mbili usiku simu yangu ililia.

"Mwanangu," alisema, "nimeutikisa sasa hivi. Unalia."